Unaenda Bishkek mara ya kwanza? Anza na milima, tiketi baadaye

Watu wananiuliza sana kuhusu hii safari ya Bishkek, na wengi wanaanza pale pale nilipoanzia mimi, yaani unaingia mtandaoni unatafuta vivutio vya Bishkek, unaona sanamu, uwanja, sanamu nyingine, jengo la zege, unasema ah kumbe hakuna kitu, unaghairi. Au unaona tiketi ya bei chee ya mwezi wa kwanza unaikata fasta halafu unafika unakuta mji mzima umefunikwa na moshi wa makaa ya mawe. Huu mji haupangwi hivyo. Unaanza na msimu na milima, halafu viza, halafu ndo tiketi, halafu hela na herufi, na siku za mjini zitajipanga zenyewe. Nimeenda mara mbili, ya kwanza nilipanga vibaya na ya pili vizuri, na tofauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba nimeona niandike kila kitu hapa.

Kwa asiyeujua, Bishkek ni mji mkuu wa Kirigizistani, Asia ya Kati, nchi iliyobanwa katikati ya Kazakistani, Uzbekistani, Tajikistani na China, haina bahari na karibu yote ni milima. Mji ulianza kama ngome ya watawala wa Kokand mwaka 1825, ikiitwa Pishpek, Warusi wakaiteka mwaka 1862, halafu mwaka 1926 Wasovieti wakaupa mji jina la Frunze, kwa heshima ya Mikhail Frunze, kamanda wa Jeshi Jekundu aliyezaliwa hapo hapo mwaka 1885. Mwaka 1991 nchi ilipojitegemea ndo ukawa Bishkek. Nakwambia hii historia kwa sababu ya kikazi kabisa: ukitafuta ndege, zile herufi tatu za uwanja kwa miaka mingi zilikuwa FRU, kutoka Frunze, na bado unaweza kukutana nazo. Usishtuke ukadhani umekosea mji.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Mji uko mita kama 800 kutoka usawa wa bahari, na upande wa kusini kuna safu ya milima inayoitwa Ala-Too, imesimama kama ukuta, ina theluji juu hata kiangazi. Mitaa imenyooka kama ubao wa drafti, kwahiyo ukisimama barabara yoyote inayoelekea kusini siku hewa ikiwa safi unauona mlima mwisho wa barabara. Hicho ndo kivutio namba moja na hakina kiingilio.

Sasa kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 2 mlima hauonekani. Nyumba nyingi zinapashwa joto kwa makaa ya mawe, kiwanda kikubwa cha umeme na maji ya moto cha mji nacho kinachoma makaa, na ile milima inazuia upepo, moshi unalala mjini. Bishkek inatajwa kila mara kwenye orodha ya miji yenye hewa chafu kabisa duniani majira ya baridi. Mara ya kwanza nilienda mwezi wa 1, nikikohoa asubuhi naona weusi kwenye kitambaa. Kama una pumu au unaenda na mtoto mdogo, tafadhali achana kabisa na miezi hiyo.

Mwezi wa 4 na wa 5 kila kitu kijani, maua, ila njia za juu milimani bado zina theluji. Tarehe 21 mwezi wa 3 ni Nooruz, mwaka mpya wa kienyeji, ina shamrashamra nzuri lakini baridi bado ipo. Mwezi wa 6 hadi wa 9 milima iko wazi. Julai mjini joto linaweza kupita nyuzi 35, joto kavu, sio lile la Dar la kulowa jasho, unaliweza ukiwa kivulini, na kivuli kipo kwa sababu huu mji una miti mingi sana.

Ningechagulia mtu ningemwambia mwezi wa 9. Joto limepungua, matikiti na zabibu zimejaa sokoni, njia za mlimani bado zinapitika, na watalii wa Julai wameondoka. Tarehe 31 mwezi wa 8 ni sikukuu ya uhuru wao, ukiweza kufika siku moja kabla utaona mji umevaa.

Hatua ya 2: Viza kabla ya tiketi

Usikate tiketi kabla hujajua viza yako inakaaje. Tovuti rasmi ya serikali ya viza ya mtandaoni ni evisa.e-gov.kg. Ingia hapo, chagua uraia wako, isome inachokwambia. Masharti yanatofautiana kwa uraia na yanabadilika, kuna pasipoti zinazoomba moja kwa moja na kuna zinazotakiwa ziwe na barua ya mwaliko, na hiyo barua kwa kawaida inashughulikiwa na kampuni ya utalii ya kule kwao. Kwahiyo ukiona unatakiwa mwaliko usikate tamaa, waandikie kampuni mbili tatu za Bishkek, uliza bei na muda, linganisha.

Angalia tu anwani ya tovuti herufi kwa herufi. Kuna tovuti za madalali zimetengenezwa zifanane na ya serikali, zina bendera na nembo, zinakuchaji mara mbili mara tatu. Jamaa niliyesafiri naye alilipa kwenye moja ya hizo, viza alipata, ila hela iliyozidi haikurudi.

Vitu vya kuwa navyo: pasipoti yenye zaidi ya miezi 6 mbele, picha safi, tiketi ya kurudi, buking ya hoteli ya angalau siku za kwanza, na hivi vyote viprinti kabisa kwenye karatasi. Pasipoti zetu zinaulizwa maswali zaidi kaunta, huo ndo ukweli, na mtu mwenye karatasi mkononi anapita haraka kuliko anayetafuta emaili kwenye simu yenye chaji asilimia 4. Kadi ya njano ya chanjo nayo beba.

Walioko Uarabuni au Ulaya na wana ukaazi wa huko wasiache kuutaja na kuubeba, kadi yenyewe sio picha.

Hatua ya 3: Njia ya kwenda

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu. Njia mbili zilizonyooka ni kupitia Istanbul au kupitia Dubai. Kupitia Istanbul ni rahisi kwa wengi maana ndege za Uturuki zinafika Dar, Nairobi, Entebbe, Kigali na kwingine, na kutoka hapo zinaenda Bishkek. Kupitia Dubai inawafaa sana ndugu zetu wanaofanya kazi Emirati, ni safari ya masaa kama manne tu.

Kata tiketi moja ya safari nzima. Hili nalisema kwa msisitizo. Ukikata tiketi mbili tofauti ili uokoe dola 80, begi lako linaishia katikati, inabidi utoke uchukue uchekini tena, na kutoka maana yake unaweza kudaiwa viza ya nchi unayopita. Ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri na hakuna wa kumdai.

Kuna watakaokushauri upitie Almaty, Kazakistani, halafu uje kwa barabara, kilomita kama 240 hivi kupitia mpaka wa Kordai. Njia ni nzuri lakini ni nchi nyingine, ina viza yake. Kwa safari ya kwanza mimi nasema achana nayo.

Ndege nyingi zinatua usiku wa manane au alfajiri. Uwanja unaitwa Manas, uko kaskazini, kilomita kama 25 kutoka mjini. Wamarekani walikuwa na kambi ya jeshi hapo kuanzia 2001 hadi 2014, siku hizi ni uwanja wa kawaida, mdogo, haukupotezi. Saa zao ziko mbele ya za kwetu kwa masaa matatu. Mpange na hoteli mapema kwamba unafika alfajiri, lipia usiku wa kabla kama inabidi, maana kukaa kwenye kochi la mapokezi hadi saa nane mchana baada ya safari ya usiku mzima kunaharibu siku mbili, sio moja.

Hatua ya 4: Hela

Hela yao inaitwa som. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa inacheza kati ya som 84 na 90, angalia ya sasa kabla hujaondoka. Beba dola za karatasi, mpya, zisizochanika, zisizo na mhuri wala wino, maana noti chafu wanaikataa au wanaipunguzia thamani. Uwanja wa ndege badilisha kidogo tu ya kukufikisha, nyingine badilisha mjini, kuna maduka ya kubadilishia hela yamejipanga pale zinapokatana barabara za Sovetskaya na Moskovskaya, watu wanapaita Mossovet. Bei zimebandikwa nje kwa taa, unatembea unalinganisha, na tofauti kati ya duka na duka ni ndogo kwahiyo usizunguke nusu saa.

Kadi inafanya kazi supamaketi na migahawa mikubwa, na eitiemu zipo za kutosha. Ila sokoni na ukitoka nje ya mji ni keshi. Weka noti ndogo ndogo mfuko wa peke yake.

Hatua ya 5: Herufi, wiki moja tu

Hapa ndo watu wanadharau na ndo panapowaumiza. Maandishi yote ni ya Kisirili, Kirusi na Kikirigizi vyote, na waongeaji wa Kiingereza ni wachache ukitoka nje ya hoteli na kahawa za vijana. Lakini jamani herufi ni 33 za Kirusi, Kikirigizi kinaongeza tatu, na nyingine unazijua tayari. Jifunze kwanza zile zinazodanganya: Р ni r, Н ni n, В ni v, С ni s, У ni u. Ukishajua hizo tano soma hii: РЕСТОРАН. Restoran. Umeshapata pa kula. АПТЕКА ni apteka, duka la dawa. КАССА ni kasa, pa kulipia. БАНК unajisomea mwenyewe. Nusu ya mabango ya mji ni maneno ambayo ukishayatamka tu unayaelewa. Andika kwenye daftari dakika ishirini kila siku kwa wiki moja, inatosha.

Na sasa nikwambie jambo ambalo hakuna aliyeniambia na lilinibadilishia safari nzima. Wakirigizi wengi ni Waislamu na lugha yao, kama ya kwetu, imebeba maneno ya Kiarabu karne na karne. Safari ya pili nilikuwa kwenye matatu yao, marshrutka, nimebanwa dirishani, pembeni yangu mtoto wa shule kama miaka tisa ana kitabu mapajani na bibi yake amesimama amemshikilia begani. Nikamwachia bibi kiti. Mtoto akanionyesha kitabu akasema "kitep". Nikamwambia sisi tunasema kitabu. Akacheka, akaonyesha dirishani jengo la shule, "mektep", nikasema kwetu maktaba ni nyumba ya vitabu. Akafikiri kidogo akasema "mugalim", nikasema mwalimu, na hapo hata dereva aligeuka. Bibi akawa ananirushia neno moja moja kama anajaribu funguo kwenye kufuli: saat, saa. Düynö, dunia. Akyl, akili. Kalem, kalamu. Kabar, habari. Ubakyt, wakati. Sabyr, subira. Waliposhuka aliniwekea tofaa mkononi, jekundu, bado lina jani.

Kwahiyo usiende ukijiona mgeni mtupu. Asante ni "rakmat", imetoka kwenye rehema ile ile. Salamu ni "salam aleikum", unaijua tangu utotoni. Na watu hawaitwi kwa majina tu, wanaitana kwa undugu kama sisi, mwanaume aliyekuzidi umri ni "baike", mwanamke aliyekuzidi ni "eje", mama mtu mzima ni "apa". Ukimwambia muuzaji "rakmat, eje" anakuangalia upya.

Hatua ya 6: Simu, mapu, mahali pa kulala

Laini ya simu unapata uwanjani au mjini kwa pasipoti, kampuni kubwa ni O!, Mega (zamani MegaCom) na Beeline, na data ni rahisi. Kabla hujaondoka nyumbani pakua programu ya 2GIS na ramani ya Bishkek ya kutumia bila intaneti. Kule 2GIS ni bora kuliko ramani nyingine zote, inakuonyesha hadi mlango gani wa jengo ni wa kuingilia na basi namba ngapi linapita. Pakua na Yandex Go kwa ajili ya teksi, bei unaiona kabla, hakuna kubishana saa tisa usiku uwanjani na watu wanaokuvuta begi.

Pa kulala tafuta katikati, jirani na mtaa wa Erkindik au usawa wa barabara za Chuy na Manas. Kitu kimoja kitakuchanganya: mitaa imebadilishwa majina baada ya 1991 lakini watu wanatumia ya zamani. Ile Sovetskaya niliyoitaja juu kwenye ramani utaikuta ina majina mengine mawili, Abdrakhmanov na Baitik Baatyr kadiri unavyoenda kusini. Erkindik wazee wanaiita Dzerzhinka. Andika yote mawili kwenye simu.

Nyumba za kupanga kwa siku nyingi ziko kwenye majengo ya Kisovieti, ngazi nje zina giza na rangi imebanduka, ndani pazuri tu. Usihukumu kwa ngazi.

Hatua ya 7: Siku zenyewe

Panga siku 7, zisipungue 6. Siku ya kwanza usifanye kitu. Lala, halafu jioni tembea Erkindik kutoka juu hadi chini, ni mtaa mrefu wenye bustani katikati, miti mikubwa pande zote, watu wanatembea na watoto, wazee wanacheza chesi. Pembeni ya barabara utaona mifereji midogo ya maji, inaitwa aryk, inaleta maji ya mlimani kumwagilia miti ya mji, ndo maana mji una kivuli. Mchana inapendeza, ukipita unasikia maji. Usiku ni hatari maana mingi haijafunikwa na taa za barabarani ni hafifu, nimeona mtu akiteguka mguu siku ya kwanza ya likizo yake. Washa tochi ya simu bila aibu.

Siku ya pili uwanja wa Ala-Too na mazingira yake, asubuhi moja inatosha kabisa. Bendera kubwa inalindwa na askari wanaobadilishana zamu, na ukiitazama bendera katikati ya jua kuna alama kama gurudumu, hiyo ni tunduk, tundu la juu la hema lao la kienyeji linalotolea moshi na kuingiza mwanga. Mwisho wa 2023 walipitisha sheria ya kunyoosha miale ya jua kwenye bendera, kabla ilikuwa imejipinda na wengine walisema inafanana na alizeti. Nyuma ya makumbusho ya historia ndo kasimama Lenin, alikuwa mbele ya uwanja hadi 2003 wakamhamishia nyuma, na mbele siku hizi kuna Manas juu ya farasi, shujaa wa utenzi wao mkubwa. Mimi napenda vile hawakumvunja, wamemsogeza tu.

Mchana nenda soko la Osh. Jiji linajenga upya sehemu nyingi kwa hiyo uliza hotelini asubuhi ni upande gani uko wazi. Nenda ukiwa na njaa na begi ukiwa umelivaa kifuani. Kuna safu za mikate ya duara inayotoka kwenye tanuri la udongo, ina mihuri katikati, wakikupa ya moto ukiikata mvuke unatoka. Mkate usiuweke chini wala usiugeuze juu chini, kwao ni kukosa adabu. Kuna vidonge vyeupe kama gololi vinaitwa kurut, ni maziwa mgando yaliyokaushwa na chumvi, unavinyonya taratibu, mara ya kwanza chumvi inakupiga, ya tatu unatafuta vingine. Mwenye biashara akitaka kuona biashara kubwa aende Dordoi, kaskazini ya mji, makontena yamepandishwa mawili mawili, la chini duka la juu stoo, mitaa na mitaa ya makontena, mali ya China inapita hapo kwenda Asia ya Kati nzima. Anayeijua Kariakoo ataelewa mwendo wake dakika ya kwanza.

Siku ya tatu, Ala-Archa. Hii ndo sababu ya kuja. Hifadhi ya taifa, kilomita kama 40 tu kusini, yaani unakunywa chai mjini na kabla ya saa nne asubuhi uko kwenye bonde lenye mto na barafu juu yako. Chukua teksi ya kwenda na kurudi, mkubaliane na muda wa kusubiri, maana kurudi jioni kupata gari ni kazi. Barabara inaishia mita kama 2,100, kutoka hapo kuna njia ya kupanda kwenda maporomoko ya Ak-Sai, na wenye nguvu wanaendelea hadi kibanda cha Ratsek, mita kama 3,300. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ajue Ratsek iko kati ya urefu wa Mandara na Horombo, ila hapa unatoka chini siku hiyo hiyo, kwahiyo kichwa kikianza kugonga geuza. Beba koti la mvua hata kama anga ni bluu. Mimi niliishia maporomoko, nikakaa kwenye jiwe masaa mawili, na sijuti.

Siku ya nne mnara wa Burana, kilomita kama 80 mashariki, jirani na mji wa Tokmok. Ni mnara wa msikiti wa karne ya 11, mabaki ya mji wa Balasagun uliokuwa kwenye njia ya hariri. Inasemekana ulikuwa mita 45, matetemeko yakaukata, sasa ni kama 25. Ngazi za ndani ni nyembamba na giza kabisa, unapanda kwa kupapasa, mtu akishuka inabidi mmoja arudi. Ukitokea juu unaona bonde lote la Chuy. Chini kuna mawe yaliyochongwa sura za watu, yameshika vikombe. Mwaka 2014 sehemu hii iliingia urithi wa dunia wa UNESCO. Marshrutka za Tokmok zinatoka kituo cha mashariki, halafu unachukua teksi kumalizia. Kwenye marshrutka ukitaka kushuka unasema "astanavitye", hiyo ndo "shusha" yao.

Siku ya tano na ya sita nenda ziwa Issyk-Kul, ulale huko. Liko mita 1,607 juu, kina chake kinafika mita 668, na haligandi hata baridi kali, jina lenyewe maana yake ziwa la vuguvugu. Magari yanatoka kituo cha magharibi. Sipaandikii sana hapa, pana haki ya kuandikiwa peke yake.

Kula

Nyama ya kawaida ni ng'ombe na kondoo na sehemu nyingi ni halali, lakini nguruwe yupo migahawa yenye asili ya Kirusi kwahiyo uliza. Farasi analiwa, ni chakula cha heshima, kama hutaki sema mapema. Lagman ni tambi za kuvutwa kwa mkono na mchuzi wa nyama na pilipili hoho, pilau yao inaitwa plov, ina karoti nyingi. Samsa ni sambusa ya tanuri, jina ndugu kabisa. Chakula cha taifa ni beshbarmak, maana yake vidole vitano, kwa sababu asili yake ni kuliwa kwa mkono. Ukialikwa nyumbani ukala kwa mkono vizuri utaona nyuso zinavyofunguka.

Barabarani kiangazi kina mama wanauza vinywaji kwenye mapipa chini ya miamvuli. Jaribu maksym, ni ya nafaka iliyochachushwa, chungu kidogo, nzito. Aliyelelewa na togwa atafika nyumbani. Kymyz, maziwa ya farasi jike, yana kilevi kidogo, nawaambia wenye kujali hilo.

Kama lugha inakupiga chenga ingia stolovaya, mkahawa wa kujichukulia, unaonyesha kidole unalipa.

Usalama, niseme ukweli

Mtu mweusi ataangaliwa. Watoto watakukodolea macho, vijana wataomba picha, wengi kwa upole na wengine bila kuomba. Mimi nilikubali wakiomba na kukataa wasipoomba, na kukataa kwa tabasamu kulitosha. Lakini usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 mwezi wa 5 mwaka 2024 kundi kubwa la vijana lilivamia mabweni ya wanafunzi wa kigeni Bishkek baada ya ugomvi wa siku chache nyuma kusambaa mtandaoni, wanafunzi wa Pakistani na wengine wakapigwa. Ilitokea na ni haki yako kuijua kabla hujalipa. Ninachofanya mimi: usiku wa manane sitembei kwa miguu, baa za usiku naziacha, nikiona mkusanyiko nageuza, na kopi ya pasipoti iko mfukoni wakati wote. Serikali zao zimeangushwa mitaani mara tatu, 2005, 2010 na 2020, kila mara kwenye uwanja ule ule wa Ala-Too na jirani yake, kwahiyo ukisikia maandamano usiende kupiga picha.

Bima ya safari ichukue inayotaja kupanda milima.

Siku ya saba

Nunua zawadi asubuhi, badilisha som zilizobaki mjini, kisha lala mchana maana ndege ni usiku. Asali ya kule ni nzuri sana, nyeupe na nzito, iweke kwenye begi la kupakia sio la mkononi, watakunyang'anya ukaguzini. Na kama unamletea mzee zawadi mletee kalpak, kofia yao nyeupe ndefu ya sufu, ufundi wake uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2019. Chagua ya sufu halisi, ibonyeze inarudi yenyewe, ya bandia inabaki na alama ya kidole. Kwao haiwekwi sakafuni wala haichezewi. Usiikunje begini, itapoteza umbo, safiri nayo mkononi mpaka nyumbani.